Muulize Mayu: Mgombea katubebea mawe, sasa anataka daftari letu

Mwangaluka wapendwa. Toleo hili barua zimejaa siasa mpaka nimechoka, yaani hata zile za ndoa mlizonizoesha zimeingiliwa na wagombea. Nimechagua nne. Ya kwanza ndefu na nimeiacha hivyohivyo ndefu, maana dada katoa kila kitu na nilivyojaribu kukata nikaona naharibu.

Mayu shikamoo. Mi nakaa Mabatini hapa Mwanza, kule juu mlimani, wanaopajua wanajua, gari inaishia chini alafu unapanda kwa miguu katikati ya mawe na ndoo kichwani. Mvua za mwezi wa nne ukuta wa bibi mmoja jirani yangu ulidondoka usiku, tofali za udongo zile, bahati nzuri alikuwa chumba cha pili na wajukuu wake wawili hakuna aliyeumia ila nyumba ikabaki wazi kama kibanda cha mahindi. Bibi hana mtoto wa karibu. Tukajichanga mtaani tukapata turubai, basi, zaidi ya hapo kila mtu ana yake.

Siku ya tatu akaja kaka mmoja anayetajwatajwa kuutaka udiwani, kaja na vijana kama ishirini tisheti za rangi moja, na spika inapiga muziki, wakabeba mchanga na saruji kutoka barabarani mpaka juu na mawe wakayapanga pale chini, siku mbili ukuta umesimama. Mayu sisemi uongo, kazi walifanya, na mimi ndo niliwapikia uji. Ila picha nazo zilipigwa jamani, bibi akashikishwa mwiko wa fundi akaambiwa atabasamu, akaambiwa tena, hakutabasamu vizuri ikarudiwa.

Sasa mtaa umegawanyika. Wengine wanasema hiyo ni rushwa tupu na bibi ataitwa akahojiwe, wengine wanasema acheni wivu, waliopo madarakani wamewahi kubeba hata jiwe moja? Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, tupo kaya 64. Jioni ile ile yule kaka akanifuata na soda mkononi, kwa heshima kabisa, akaniomba daftari la kikundi, majina na namba za simu, ili vijana wake wa kujitolea wajue nani mgonjwa nani mjane nani mzee anakaa peke yake wawe wanawapitia. Maneno mazuri kweli. Mwenyekiti wetu anasema nimpe kuna shida gani. Moyo wangu unakataa na sijui kwanini. Je tumekula rushwa? Na daftari nimpe?
*Mweka hazina, Mabatini*

Marahaba mwanangu. Tuanze na daftari, maana hapo moyo wako una akili kuliko mwenyekiti wako. Usimpe.

Watu wa kaya 64 walivyokuandikisha namba zao walikupa ili siku wakifiwa watu waje na masufuria na mikeka, hawakukupa ili waanze kupokea meseji za kampeni saa tano usiku. Na daftari la kufa na kuzikana sio orodha ya namba tu we unajua vizuri kuliko mimi, mle ndani kuna nani kashindwa kulipa mchango miezi mitatu, nani kafiwa mara mbili mwaka mmoja, nani akiumwa hana wa kumpigia. Mtu akishika hilo daftari kashika mtaa mzima mkononi. Na ukitaka la kumjibu mwenyekiti, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, kwa kifupi inasema taarifa ya mtu uliyoichukua kwa kazi moja usiipeleke kwenye kazi nyingine bila yeye kukubali. Kwahiyo hata ungetaka kutoa, ungepaswa kuwauliza wa kaya zote 64 kwanza. Waulize uone.

Ila usimfukuze. Mwambie hivi: kaka, nani ana shida sisi tunajua, wewe leta vijana sisi tutawaongoza mlango kwa mlango. Kama kweli alikuwa anataka kusaidia, hapo umemrahisishia, atakuja. Kama ataanza kusema ooh mfumo wetu unahitaji namba, ooh makao makuu wameagiza, basi ushajua kilichokuwa kinatafutwa.

Sasa rushwa. Hii ngoja nirudi nyuma kidogo maana wengi mmesahau, na vijana hamjawahi kusikia. Nchi hii iliwahi kuwa na neno linaitwa takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kutoa kitu "kwa nia njema" kama ukarimu wa kawaida wa kiafrika, na mnajua kilichotokea, ubwabwa, kanga, pombe, kila kitu kikawa ukarimu. Mashirika ya haki, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakiwemo, wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitupa vile vifungu, ikaona vinambagua mgombea maskini asiye na cha kukirimu na vinafungua mlango wa rushwa. Alafu ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, hiyo inagusa urais, ubunge na udiwani, na haisubiri siku ya kampeni rasmi, inaanzia huku kwenye mchakato wa kuteuana ndani ya vyama. Kutoa hela au kitu ili mtu ashawishike kwenye kura ni kosa, na anayepokea kwa makubaliano hayo naye hayuko salama.

Makubaliano hayo, hapo ndo pa kushika. Bibi hakuambiwa nipe kura nikupe ukuta. Ukuta ulidondoka, mvua inanyesha, watoto wawili ndani. Mimi sitamwambia bibi wa watu alale nje ili uchaguzi wetu uwe msafi, na asiwepo wa kumtisha eti ataitwa. Akija mtu baadae akasema mama unakumbuka ule ukuta, sasa siku ile usitusahau, hapo ndo namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, ni bure, hata simu haina salio.

Kilichonikera mimi sio saruji, ni ule mwiko. Kumshikisha mtu mzima kitu asichokijua na kumrudishia picha kama mtoto wa shule! Kwetu Magu nilivyokuwa mdogo nimekuta mabaki ya mambo ya vijana kulimiana, vijana wa kijiji wana kiongozi wao anaitwa nsumba ntale, wamemchagua wenyewe, ngoma inapigwa majembe yanapanda na kushuka pamoja, mpaka leo ukienda kwenye sherehe za Wasukuma pale Bujora utaona ngoma ya bugobogobo watu wanacheza na majembe, ile haikuanza kama onyesho kwa watalii, ilikuwa kazi. Alafu mwenye shamba alikuwa anapika. Hiyo ndo sehemu ambayo siku hizi inasahaulika. Mwenye shamba anapika leo, kesho naye kabeba jembe yuko kwa mwingine, kama mzee hawezi jembe basi atatoa mbegu, atashika watoto, atatunga wimbo wa kuwasema wavivu. Hakuna aliyekuwa mpokeaji tu. Ndo maana mtu alikuwa halimiwi akabaki na deni la aibu moyoni, na hakuna aliyekuwa anadai kura juu ya hilo jembe.

Sasa angalia huyo bibi yako. Kwenye ule ukuta yeye kawa picha. Wewe hata uji ulipika. Hebu kamuulizeni, bibi unajua kufanya nini, utakuta anaweza kushika watoto wa wale wanawake wanaoshuka saa kumi na moja alfajiri kwenda soko la Mwaloni kuchukua dagaa, na kwa hilo tu anarudi kwenye mzunguko na yeye, anaacha kuwa wa kusaidiwa.

Kwa ukuta mwingine ukidondoka (na utadondoka, Mabatini naijua), jaribuni hivi. Vitu, yaani saruji, bati, mchanga, vipitie mtaani, mjumbe ajue na iandikwe nani kaleta nini. Mgombea yeyote, wa chama chochote, anakaribishwa na mikono. Mikono haina risiti na haina ubaguzi, hata mgombea asiye na hela anayo miwili. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya usafi ile, mwambie huyo kaka kuna mtaro chini kule karibu na mto Mirongo umeziba na chupa, aje na jembe na tisheti ya kawaida. Akija, niandikie. Asipokuja niandikie pia, nitafurahi zaidi maana nitakuwa nimepatia hahaha.

Mayu habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi huku Nyegezi, nina miaka 22 na sifichi, siku moja nataka udiwani. Nimeanzisha kikundi cha kujitolea na wenzangu, tunachangia damu na tunafundisha wadogo zetu hesabu Jumapili. Sasa kila tukifanya kitu watu wanasema "huyu ashaanza kampeni". Niache mpaka nishinde ndo nijitolee? Au nifiche kuwa nataka uongozi?
*Kijana wa Nyegezi*

Mwanangu, usifiche. Anayeficha ndo ananitisha. Umri unaruhusu, udiwani ni kuanzia 21, ila ujue lazima upitie chama, kwetu mgombea binafsi hayupo, kwahiyo siku ya kura za maoni hao wajumbe watakuuliza wewe ni nani na hesabu za Jumapili wengine hazitawaingia kichwani. Jiandae kwa hilo.

Kujitolea na kutaka uongozi havijawahi kugombana. Mkoa huu huu tunaye mfano, Paul Bomani. Wakulima wa pamba kanda yetu walikuwa wanapunjwa kwenye mizani na wanunuzi, yeye akiwa kijana akawa kwenye kuwaunganisha mpaka ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, makao yake hapahapa Mwanza. Baadae akawa Waziri wa Fedha wa nchi. Ule uwaziri haukuanzia jukwaani, ulianzia kwenye mizani, na hata asingekuwa waziri mkulima alikuwa ameshapata ushirika wake.

Wenzetu Marekani nao wana visa vyao. Kennedy mwaka 1960 akiwa kwenye kampeni ya urais alifika usiku wa manane chuo kikuu cha Michigan kakuta wanafunzi wanamsubiri, akawauliza mko tayari kwenda kujitolea nchi za watu? Ilikuwa kampeni, kura alikuwa anazitaka, tusimfanye malaika. Ila alivyoshinda, Machi 1961 ikawa taasisi kweli, Peace Corps, na Tanganyika tulikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea watu wao mwaka huohuo. Wengine watakwambia ilikuwa na siasa ya vita baridi ndani yake, ni kweli, lakini iliendelea bila yeye mpaka leo, na hicho ndo nakutazamisha.

Na mwingine wa juzijuzi, Beto O'Rourke wa Texas. Huyu aligombea useneta 2018 akashindwa, akajaribu urais akajitoa. Februari 2021 Texas ikapigwa na baridi ya ajabu, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, mabomba yakapasuka, na yeye muda huo hana cheo chochote. Akawachukua watu wake wa kujitolea waliozoea kupiga simu za kuomba kura wakaanza kuwapigia wazee, una maji? una chakula? una joto? tukutumie nani? Zilipigwa simu laki saba na kitu. Mwaka uliofuata akagombea ugavana, akashindwa tena. Kwahiyo usidhani kujitolea ni mtego wa kura ambao lazima unase. Watu walishukuru maji yao wakaenda kumpigia mwingine, na ni haki yao kabisa. Wewe je, ukifundisha hesabu miaka mitatu alafu mtaa ukachagua mtu mwingine, Jumapili inayofuata utaenda na chaki? Usinijibu mimi.

Kuhusu damu, mnafanya vizuri sana, hospitali za huku kanda ya ziwa haziachi kuhitaji damu, mama anajifungua, mtoto ana malaria kali. Mwanaume ni kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Fuateni hiyo kalenda, sio kalenda ya uchaguzi, alafu waacheni waseme mpaka wachoke. Na kitu kimoja cha kivitendo, kikundi kisiitwe jina lako. Nimeona mengi yamekufa kwa hilo, mwenye jina akihama Mwanza kwenda Dodoma na kikundi kimepanda basi.

Mayu, sisi ni watu wa visiwani Ukerewe, tunasafiri na mitumbwi ya injini. Mtia nia mmoja katuahidi jaketi okozi hamsini kwa ajili ya wasafiri tukimuunga mkono. Wazee wanasema tukubali, maisha kwanza.
*Msafiri wa kila wiki*

Hapo neno "tukimuunga mkono" limeharibu barua nzima. Huyo kataja bei mwenyewe kwa mdomo wake, yule kaka wa Mabatini angalau hakutaja. Nyie watu wa Ukerewe sihitaji kuwakumbusha tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kinatoka Bugolora kwenda Ukara, kimepindukia pale karibu na gati la Bwisya watu wanakiona kwa macho. Kilikuwa cha abiria 101 na waliokufa peke yao walizidi 200. Na waliokimbilia wa kwanza walikuwa wavuvi na wanakijiji na mitumbwi yao, hakuna aliyeuliza unaniunga mkono au huniungi.

Jaketi hizo daini kwa mwenye mtumbwi, huyo ndo anachukua nauli yenu kila wiki, ni wajibu wake kuwa nazo kabla hajang'oa nanga, sio hisani. Akigoma, siku moja gomeni na nyie kupanda, wote. Mtia nia akitaka kusaidia kweli aje asimame gatini na nyie asubuhi hiyo ya mgomo, na yeye achelewe safari yake. Bure kabisa, haimgharimu hata senti. Na watoto wenu wafundishwe kuogelea, nashangaa sana mtu anazaliwa kisiwani anazeeka kisiwani anaogopa maji ya kifuani.

Mayu naomba unisaidie. Mume wangu amejiandikisha kwenye timu ya kujitolea ya mgombea mmoja hapa Igoma. Anaamka saa kumi na mbili anaenda kufagia barabara, anabeba maji kwa wazee, wiki iliyopita kafua mashuka ya mgonjwa watu wakamsifia mpaka kwenye grupu la WhatsApp. Mayu, huyu mtu nimekaa naye miaka kumi na moja sijawahi kumuona kashika ndoo. Nikimwambia anasema nina wivu wa maendeleo.
*Mke wa mfagiaji*

Mwanangu nimecheka mpaka chai imemwagika, nisamehe. Mpigie simu huyo kiongozi wa timu yao, mwambie kwa adabu kwamba kuna kaya moja Igoma ina mama mwenye mahitaji, ndoo nne za maji kila asubuhi na mashuka mawili kwa wiki, wakutumie kijana mmoja hodari. Wape na anuani ya nyumba. Jina la baba mwenye nyumba usiwatajie mpaka wafike.